Chumba cha Dereva Kisiishie Nusu Mlango

Desemba 2008, katika eneo la Brooklyn mjini New York, dereva wa basi la mjini alichomwa kisu na kufa baada ya kumkatalia abiria tiketi ya kuunganisha safari ambayo hakuwa ameilipia. Nauli wakati huo ilikuwa dola 2. Baada ya kifo hicho mamlaka ya usafiri ya New York ilianza kuweka vizuizi vya plastiki ngumu kati ya kiti cha dereva na mlango wa mbele, na leo vizuizi vya namna hiyo vinaonekana katika miji mingi ya Marekani na Kanada. Naunga mkono kabisa kwamba dereva wa basi la mjini awe na chumba chake kilichofungwa. Ninacholalamikia ni kwamba mabasi mengi hayajawekewa chumba, yamewekewa nusu mlango, kisha wakubwa wakahesabu kazi kuwa imekwisha.

Anayedhani chumba cha dereva ni jambo geni na ayakumbuke mabasi mekundu ya London ya aina ya Routemaster, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 1956 na kuondolewa katika njia za kawaida Desemba 2005. Dereva wake alikaa mbele peke yake, kando ya injini, katika kijumba chenye mlango wake wa nje, na aliyekuwa akikabiliana na abiria ni utingo aliyezunguka na mashine ya tiketi. Waendeshaji wa mabasi walipomwondoa utingo ili kupunguza gharama, dereva alisogezwa karibu na mlango wa abiria na kukabidhiwa, pamoja na usukani, kazi ya kupokea nauli, kukagua pasi na kuamua nani apande na nani abaki. Sisi wa Dar es Salaam mpangilio wa zamani tunauona kila siku: konda ndiye anayebishana kuhusu chenji na nauli ya mwanafunzi, na dereva wa daladala anaweza kumaliza zamu nzima bila kujibizana na abiria hata mmoja, isipokuwa yule anayetaka redio ipunguzwe. (Simsifu dereva huyo kwa mengine, hayo tuyaache.) Katika mwendokasi, ulioanza mwaka 2016, nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Ndiyo maana naona kwamba kizuizi cha plastiki ni fidia ya kiasi fulani kwa uamuzi wa kumbebesha mtu mmoja kazi za watu wawili.

Binamu yangu anaendesha basi katika mji mmoja wa Marekani, mara nyingi zamu ya usiku. Kizuizi cha basi lake, jinsi alivyonionyesha kwa simu ya video, ni kipande cha plastiki angavu chenye fremu ya chuma na kitasa kilicholegea, kilichojaa mikwaruzo upande wa abiria, nacho kinaishia kabla ya kukifikia kioo cha mbele, kiasi kwamba mtu mwenye mkono mrefu anaweza kuuzungusha na kumshika bega. Nilishangaa aliponiambia kwamba usiku wa mvua hukiacha wazi. "Dada, taa za ndani zinapiga kwenye ile plastiki, nikitazama kioo cha kulia najiona mimi na abiria wangu, simwoni mtu wa baiskeli." Marekani usukani uko kushoto, kwa hiyo kila anapotaka kuuona mlango, ukingo wa barabara na kioo cha pembeni cha upande wa kulia, hana budi kutazama kupitia kizuizi hicho. Mtu asiyewahi kuketi kwenye kiti kile anaweza kumwona mzembe, lakini mwenyewe amekwisha kupima hatari mbili na kuchagua ile itakayompata yeye badala ya mpita njia.

Chumba cha kweli, basi, hakina budi kuchorwa pamoja na basi lenyewe tangu kiwandani: kioo kisichorudisha mwanga, kilichoinamishwa kwa pembe inayofaa, taa za ndani za sehemu ya mbele zinazoweza kupunguzwa, hewa yake mwenyewe, na mlango unaofunguka haraka kutoka ndani basi likishika moto. Suala la hewa si la anasa. Aprili 2020, madereva wa London walipokuwa wakifa kwa korona, matundu ya kuzungumzia katika vioo vyao vya kinga yalizibwa, na abiria wakaelekezwa kupandia mlango wa katikati.

Hata chumba kizuri kina mpaka wake, na hapa ndipo watetezi wenzangu hupita haraka mno. Winnipeg, Februari 2017, dereva aliuawa katika kituo cha mwisho cha Chuo Kikuu cha Manitoba, baada ya kuinuka ili kumshusha abiria aliyelala. Seattle, Desemba 2024, ugomvi ulianzia ndani ya basi, lakini dereva alichomwa kisu akiwa nje. Zaidi ya hayo, katika miji mingi ya Marekani dereva hulazimika kutoka kitini kila anapopanda abiria mwenye kiti cha magurudumu, ili akifunge kwa mikanda. Kioo hakimfuati huko. Kumwamsha mlevi saa nane usiku kunapaswa kuwa kazi ya mlinzi au msimamizi anayesubiri mwisho wa njia, na nauli ipunguziwe ubishi kadiri inavyowezekana. London iliacha kupokea fedha taslimu ndani ya mabasi tangu Julai 2014.

Sheria ya miundombinu ya Marekani ya Novemba 2021 imeyataka mashirika ya usafiri ya miji mikubwa yawe na kamati za usalama ambazo nusu ya wajumbe wake wanatoka upande wa wafanyakazi. Kwa kuwa basi kubwa la mjini huko hununuliwa ili litumike angalau miaka 12, wajumbe hao wadai basi la mfano kabla ya mkataba kusainiwa, waketi humo usiku, mvua ikinyesha, taa za ndani zikiwaka na abiria wamesimama mlangoni, kisha waseme kama wanakiona kioo cha kulia.