Nimerudi Malindi, mlango nauacha wazi

Miaka tisa. Niliondoka na begi moja la mgongoni, nimerudi na mawili na mgongo wenyewe unauma.

Nilirudi Mei, mwezi ambao hakuna mwenye akili timamu angeuchagua. Masika imeshika, hoteli zimefunga, Waitaliano wameshakwenda kwao, na mto Sabaki umemwaga udongo wa bara baharini mpaka maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kule Doha nilikuwa nikiiota bahari ya Januari, ile ya buluu. Hii nilishaisahau. Nilisimama karibu na gati, viatu mkononi, nikacheka peke yangu kama chizi.

Kilichoniondoa nakisema kwa ufupi, maana sitaki kukinenepesha. Ami yangu alisoma ujumbe kwenye simu yangu, ujumbe wa mwanamume. Nikafungiwa chumba cha uani siku tatu, fimbo asubuhi na jioni. Tangu hapo chumba kikifungwa usingizi hauji. Doha tulilala wanane chumbani, mimi siku zote kitanda cha mlangoni, wenzangu wakidhani ni joto. Mei 2019, Mahakama Kuu ilipokataa kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume, miaka 14 ya jela ikabaki palepale. Niliisoma habari hiyo ndani ya basi la wafanyakazi. Wiki ile nikatia saini mkataba mwingine.

Sasa yeye. Jina lake silitaji. Tulisoma madrasa moja, akinishinda kwa sauti na kwa utundu. Nilipoondoka alikuwa teja, analala kwenye baraza za watu, ameshauza mpaka sufuria za mamake. Leo ana miaka sita hajagusa unga. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, ilifunguliwa hapa Malindi 2015, na wasiojua hudhani ukianza dawa umeshamaliza kazi. Kazi ndiyo kwanza inaanza: kila siku uende mwenyewe, iwe mvua, iwe Idi.

Nimemsindikiza mara nyingi. Muuguzi humpimia dawa kwenye kikombe kidogo, naye huinywa palepale mbele yake, kisha huambiwa aseme chochote, ijulikane kimemezwa. Wengi husema asante. Yeye hutoa habari za soko. “Nguru leo haonekani.” “Pweza wamepanda bei.” Nasikia muuguzi hapangi tena kitoweo kabla hajamsikia.

Akitoka hapo hukaa chini ya mkungu kutengeneza nyavu za watu. Siku moja nilimwona ameshika wavu uliotoboka, badala ya kushona akautia kisu.

“Mbona unalizidisha shimo?”

“Uzi uliochakaa haushiki fundo, shekhe. Nakata mpaka niukute uzi mzima.”

Nikakaa nikamshikia upande wa pili. Hatukuzungumza tena mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Hayo ya kushikiana wavu yalikwenda miezi minne, na msidhani nitawasimulia yote. Nawapa usiku mmoja tu. Mara ya kwanza kulala kwangu, aliinuka kufunga mlango, desturi ya mtu aliyewahi kuiba na kuibiwa. Mimi nikaganda. Hakuniuliza kitu. Akavuta kiti cha mbao, akakiweka kwenye kizingiti ili kusi isiubamize mlango, akaja akalala upande wa nje wa kitanda.

“Atakayeingia ataanza na mimi,” akasema. Haikupita dakika mbili akawa anakoroma.

(Lango la ua tunalitia komeo, msituone wajinga. Tunaijua Malindi.)

Si kila siku ni ya wavu na upepo. Kuna asubuhi anaamka na hasira asiyoijua ilikotoka, na kuna siku namwona ami yangu msikitini napitia njia ya nyuma, mtu mzima na ndevu zangu. Hatupeani nasaha. Nachemsha chai, tunaisubiri siku ipite.

Mama hajauliza, nami sijamwambia. Ila Ijumaa hutuma mjukuu wake na mahamri na mbaazi, bakuli mbili za mbaazi zilizofunikwa kawa. Mimi pilipili siiwezi tangu utoto, na mama anajua. Ijumaa iliyopita mtoto alizitua mezani, akanionyesha moja kwa kidole.

“Bibi amesema hii ya pilipili si yako.”