Jinsi nilivyoipata Keid B

Nyota hii huioni kwa macho matupu. Mwangaza wake ni wa daraja la 9.5 (namba ikipanda, nyota inafifia), na jicho la kawaida huishia 6 hata penye giza totoro. Bahati nzuri ina jirani, Keid, ya daraja la 4.4. Ukimpata jirani, umefika.

Ninatumia darubini ya lenzi ya milimita 70. Mapema Januari nilipanda juu ya paa Dar es Salaam saa tatu na nusu usiku, nikijua Keid iko juu kabisa. Ndiyo kosa. Huku kwetu hupita karibu utosini: bomba likagonga miguu ya stendi, shingo ikaniuma, taa za mtaa zikamalizia.

Wiki iliyofuata nikaenda Bagamoyo, mwezi haupo, nikasubiri hadi saa tano iteremke magharibi. Kutoka Rijili, ile nyota kali ya mguuni mwa kundinyota la Jabari (Orion), nyoosha mkono upime ngumi moja na nusu kuelekea magharibi. Utakuta nyota mbili hafifu zimekaribiana. Keid ni ile ya upande wa Rijili.

Nikaiona, rangi ya chungwa kweli. Keid B, hakuna. Nikazima simu dakika ishirini macho yazoee giza, kisha nikaacha kuikodolea. Ukitupa jicho pembeni kidogo, nukta inajitokeza, ukiikazia, inatoweka.

Mlinzi wa pale, mzee aliyenishuku tangu nifike, akaomba kuchungulia.

"Mbona kama vumbi la chaki?"

"Ndiyo yenyewe, mzee wangu."

Vumbi hilo ni kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kufa: zaidi ya nusu ya uzito wa Jua, umeshindiliwa kwenye tufe lisilofikia upana wa Dunia mbili, joto nyuzi 17,000 hivi. Mwanga tuliouona uliondoka huko miaka 16 iliyopita. Mwanaastronomia William Herschel aliiona 1783, lakini ni 1910 wataalamu waliposhtuka kuwa ni nyeupe. Nyota dhaifu namna hiyo ilitarajiwa iwe nyekundu.

Wanasema ni nyeupe ya kisamawati. Nisidanganye, mimi niliona kijivu. Kwenye mwanga hafifu jicho halishiki rangi.

Nilipomwambia mzee kuwa ipo na ya tatu, nyekundu, daraja la 11, akachungulia tena, akasema ameiona. Mimi sikuiona.