Siku Moja Maishani Mwangu: Mtunza Mepuli

Saa 11 alfajiri niko macho, na kabla jua la Agosti halijapanda juu ya Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, nimekwisha kupakia garini misumeno, mikasi ya kupogolea, mpira wa maji na magunia ya matandazo ya kufunika udongo. Natunza bustani za watu, hasa mepuli wa Kijapani, mti mfupi wa mapambo wenye majani yaliyochanuka kama vidole, ndugu wa ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Wengi nyumbani Tanzania hudhani kazi yangu ni kukata tu, ilhali siku nyingi nashinda nimepiga magoti nikichunguza udongo.

Hadi saa 3 namwagilia bustani tatu, polepole, ili maji yazame hadi mizizini, kwa kuwa kiangazi cha hapa kinaweza kupita wiki kadhaa bila mvua. Tarehe 28 Juni 2021, joto lilipopita nyuzi 46 za Selsiasi, niliona kingo za majani ya mepuli zikikauka kwa alasiri moja. Wenye miti walitaka kuing'oa. Niliwasihi wasubiri, na masika yaliyofuata mingi ilichipua.

Saa 4 nilifika kwa mzee mmoja wa Moshi anayeishi na bintiye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mti huu unakufa, na dawa yake naijua. Ukate kichwa."

Alilima kahawa miaka mingi Kilimanjaro, na huko mkahawa hukatwa kichwa ili usirefuke, matunda yafikiwe kwa mkono. Kwa mkahawa alikuwa na haki kabisa. Mepuli ukikatwa kichwa hutoa vichipukizi vilivyosimama wima kama fagio, dhaifu, na umbo lake la mwavuli huharibika kwa miaka mingi. Nilimweleza kwa upole, akarudia neno lake. Nikamweleza tena, akaleta kigoda, akaketi na kuninyooshea tawi la kuanzia. Mtu wa umri wa baba yangu siwezi kumkatiza, basi jua lilipanda nami nikiitikia "ndiyo, mzee" huku mkasi ukiwa bado kiunoni, na bustani nyingine mbili zikinisubiri.

Hatimaye nilipiga magoti. Matandazo yalikuwa yamerundikwa kuzunguka shina kama kichuguu, yakifika karibu na goti. Niliyaondoa kwa mikono, na chini yake gome lilikuwa jeusi, laini, lenye unyevu, likinuka uozo. Nilipozidi kufukua niliukuta mzizi mnene kama kidole gumba umelizunguka shina na kulibana, mfano wa kamba iliyosahauliwa shingoni mwa mbuzi anayekua.

"Mzee wangu, tazama hapa."

Aliinama, akaugusa, akanyamaza muda mrefu. Niliukata kwa msumeno mdogo, kipande kwa kipande, nisije nikalijeruhi shina, nikaliacha gome wazi lipate hewa. Mti wake ni wa majani mekundu, uliobebeshwa, yaani kuunganishwa, juu ya mche uliotokana na mbegu, na chini ya kiungo yalikuwa yameota machipukizi ya kijani ya ule mche. "Haya ni maotea," alisema kabla sijafungua mdomo, akaomba mkasi na kuyaondoa mwenyewe, karibu kabisa na shina, kwa mkono usiotetemeka. Sijawahi kumkabidhi mteja mkasi wangu, lakini yule nilimwamini.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Katika bustani moja niling'oa mepuli uliouawa na kuvu wa ardhini, ambaye hana dawa. Nilipokata tawi, michirizi ya rangi ya zeituni ilionekana ndani ya mbao. Nilisafisha kila kifaa kwa spiriti na kumsihi mwenye nyumba asipande mepuli mwingine pale. Kisha nikapogoa, nikabeba, nikafagia, hadi vidole vikakakamaa na mgongo ukagoma kunyooka.

Nilipofika nyumbani, jua limekwisha kuzama, simu iliita. Ni mzee wa Moshi, akiuliza kama aumwagilie mti wake tena usiku huu. Nilimwomba aingize kidole ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, asubiri.

Alikwenda na simu mkononi. "Unyevu upo," akasema.