Jinsi nilivyoachana na mkoba mkubwa

Kwa miaka kadhaa bega langu la kulia lilikuwa likiniuma kila jioni niliposhuka daladala Mbagala, nami nikadhani ni uchovu wa kazi, mpaka siku nilipoupima mkoba wangu kwenye mizani ya muuza nyanya nikakuta una kilo 4.5. Nilimwaga vitu vyote kitandani: mwavuli, chupa ya maji, kanga, funguo za nyumba niliyokwisha kuhama, risiti zilizofifia maandishi, na vipodozi nisivyovigusa tangu mfungo wa Ramadhani.

Kwa wiki moja kila nilichokitumia nilikihamishia mfuko wa pembeni wa mkoba huo huo. Vilikuwa simu, kitambulisho cha taifa, funguo, leso, dawa na noti chache, kwa kuwa malipo mengi siku hizi nayafanya kwa simu. Ndipo nikanunua Kariakoo kipochi cha mkanda mrefu unaopita kifuani, nacho hukaa mbele ya tumbo, jambo linalonipa amani kubwa katika msongamano wa abiria. Maji na kanga (kanga siwezi kuiacha, kwani msiba haupigi hodi) navibeba katika mfuko mwepesi wa kitambaa unaokunjika. Bega sasa limetulia.