Woga wa kuzungumza mbele za watu: anza na wanaosikiliza

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameitwa mbele. Karatasi ameishika kwa mikono miwili, inatetemeka mpaka inasikika. Anatamka sentensi ya kwanza ya Kiingereza, "r" inageuka kuwa "l", dawati la nyuma linacheka, na la jirani linadakia. Mwalimu anasema, "Jiamini! Toa sauti!" Sauti inazidi kupungua, kisha mtoto ananyamaza kabisa.

"Jiamini" haimsaidii kitu hapo. Haimwambii mikono aiweke wapi, pumzi aivute vipi, wala amtazame nani. Tena inamfanya aone kasoro ni yake, wakati kilichomnyamazisha kimetoka kwenye madawati. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kuondoa woga huanza na wasikilizaji. Mzungumzaji anafuata.

Msikilizaji asiye na kazi hujitafutia, na iliyo karibu zaidi ni kucheka. Mpe nyingine. Mmoja ashike saa. Mmoja ahesabu "yaani", "eeh" na "kwamba" zinazojirudia, kwa kuchora vijiti kwenye daftari. Wengine wote waandike jambo moja walilolielewa, kwa maneno yao wenyewe, na watatu kati yao watasoma walichoandika. Makofi yawe sawa kwa kila mtu. Yakiwa makubwa kwa huyu na hafifu kwa yule, tayari yamekuwa alama, na wa mwisho atakuwa anaogopa makofi pia. Sheria ya kutokucheka isemwe siku ya kwanza, kabla hajasimama mtu yeyote. Ukiisema baada ya mmoja kuchekwa, umemwonyesha yeye kuwa ndiye mfano.

Sasa hesabu. Darasa lina wanafunzi 60 na kipindi ni dakika 40. Ukimsimamisha kila mmoja kwa dakika 2, unahitaji dakika 120, yaani vipindi vitatu vizima, bila kuhesabu muda wa kutoka dawatini na kurudi. Matokeo yake mwanafunzi anazungumza mara moja kwa muhula, na jambo linalofanywa mara moja kwa muhula litaogopwa daima. Wagawe wanne wanne. Makundi 15 yakizungumza kwa wakati mmoja, kila mtu dakika moja, dakika 4 zinatosha darasa zima kuwa limezungumza. Kelele zitakuwepo, na zinasaidia: mwoga anajificha ndani yake. Mwalimu wa jirani umpe taarifa mapema.

Kutoka hapo ngazi zinapanda polepole. Kwanza wawili, wameketi, sekunde 30. Kisha wanne, wameketi. Kisha wanne, msemaji amesimama. Kisha makundi mawili yanaungana, watu wanane. Mbele ya darasa zima ni ngazi ya mwisho, labda wiki ya sita au ya saba, na hata hapo waanze wawili wawili wakipokezana. Ngonjera inafaa sana katika ngazi hii. Mathias Mnyampala, aliyezieneza nchini Tanzania katika miaka ya 1960, alituachia umbo ambalo mtu anasimama mbele ya watu lakini anazungumza na mwenzake. Macho yana mahali pa kwenda, zamu ni fupi, na maneno yana vina vya kuyashikilia.

Kosa linalorudiwa mno ni kumwita kwanza aliye mwoga kuliko wote, eti ndiyo dawa. Akishindwa, woga wake umepata ushahidi. Kosa la pili ni kuita kwa kushtukiza. Woga huwa mkali zaidi dakika chache kabla ya kusimama na katika dakika ya kwanza ya kuzungumza, halafu hushuka wenyewe. Anayejua zamu yake tangu jana anaumia kwa muda unaojulikana, lakini asiyejua anaumia kipindi chote na hasikii hata wenzake wanasema nini. Bandika orodha siku moja kabla.

Karatasi ile inayotetemeka ina dawa rahisi. Karatasi nyepesi hukuza mtetemo wa mkono, manila haifanyi hivyo. Kata manila yenye ukubwa wa A4 vipande vinne, kila kipande kibebe maneno yasiyozidi 15, yaandikwe makubwa, na vipande vipewe namba juu ili vikianguka vipangike. Hotuba nzima isiandikwe pale wala isikaririwe. Aliyekariri neno kwa neno akipoteza moja hupoteza yote yanayofuata, ndiyo maana utamwona anarudi mwanzo kabisa kama anayehesabu shanga. Akariri sentensi mbili tu: ya kwanza, kwa sababu ndipo woga uko juu, na ya mwisho, ili ajue pa kutokea. Katikati aongozwe na hoja tatu. Na asianze na mlolongo wa vyeo vya wote waliopo: "itifaki imezingatiwa" inatosha kwenye mahafali, darasani hata hiyo haihitajiki.

Sekunde kumi za mwanzo zifundishwe peke yake, bila hotuba. Atoke dawatini kwa mwendo wa kawaida. Afike, asimame, miguu iachane kwa upana wa mabega. Aliyebana miguu huyumba. Atoe pumzi yote nje kwanza, kisha avute. Watu wengi huvuta juu ya pumzi iliyojaa tayari, wanaishia kusema kwa sauti nyembamba inayokatika. Amtazame rafiki mmoja, ndipo afungue mdomo. Wafanye hivi mara tano, waseme jina lao tu, warudi kukaa.

Moyo utadunda na mdomo utakauka hata hivyo, kwa kuwa mwili umemwaga adrenalini na mate yamepungua. Waambie wazi kwamba hiyo ni hali ya kawaida. Wakiwa bado wameketi, wavute pumzi kwa kuhesabu 4 na kuitoa kwa kuhesabu 6, mara tano, chini ya dakika moja. Kisha waambie jambo hili: mapigo ya moyo anayasikia mwenyewe, wenzake hawayaoni. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba wanafunzi walioelezwa kabla kuwa woga wao hauonekani kwa nje kama wanavyodhani walitoa hotuba nzuri zaidi. Ni sentensi moja ya bure, na walimu wengi hatuitumii.

Kuhusu sauti, "ongea kwa nguvu" huzaa makelele ya kooni. Badala yake mpe mtu wa dawati la mwisho kazi ya kuinua mkono pale anaposikia vizuri, na msemaji azungumze na huyo. Chunga mwisho wa sentensi. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwoga akiishiwa pumzi silabi ya mwisho humezwa: "shule yetu ina vitabu vichache" inafika nyuma kama "vicha…", na hoja imekufa. Avute pumzi kwenye mkato. Mvua ikipiga bati, mwache anyamaze. Hakuna mtoto wa kushindana na bati.

Macho nayo. Watoto wengi wamelelewa wasimkazie mtu mzima macho, na hiyo ni adabu. Basi mwalimu usikae katikati. Kaa nyuma pembeni, ili anayetazamwa awe rika lake. Sentensi moja kwa mtu mmoja, kisha mwingine.

Lugha inahitaji subira ya pekee. Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza anabeba woga wa watu na woga wa sarufi kwa mkupuo. Tenganisha. Mada ileile aizungumze kwanza kwa Kiswahili mpaka ikae, wiki inayofuata aiseme kwa Kiingereza kwa kutumia vipande vilevile. Usisahihishe sarufi katikati ya hotuba hata ikuume vipi. Akimaliza, mtajie jambo moja alilofanya vizuri, lenye ushahidi ("ulisimama kimya kabla ya kutoa mfano"), na moja la kubadilisha, kisha arudie sekunde 30 za mwanzo papo hapo. Kwenye marudio hayo ndiko anakojifunza, na ndiyo sehemu tunayoiruka tukikimbizana na kengele.

Akikwama kabisa, usimwambie "haya, kaa". Ahueni anayoipata akikimbia woga ukiwa juu itamfundisha kukimbia tena. Fupisha safari: "Tusomee sentensi yako ya mwisho." Aisome, apigiwe makofi, akae. Mwenye kigugumizi usimmalizie neno wala usimwambie atulie. Mwongezee muda, na darasa lijue muda wake ni mrefu.

Kabla ya mdahalo, wapeleke mstarini wakasome tangazo moja, sentensi tatu, kwa maiki. Mwonyeshe mapema: maiki iwe umbali wa kiganja kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo ili "p" na "b" zisipige kishindo. Ikianza kupiga mluzi, asikimbilie kuifunika kwa mkono, maana hilo huzidisha. Asimame nyuma ya spika, asiielekezee maiki, na aendelee kusoma.