Jumamosi ya raundi nne: siku moja maishani mwangu

Saa moja asubuhi

Chai ya rangi, mahamri, mbaazi za nazi, na simu pembeni ya sahani. Kwenye kundi la WhatsApp waliojiandikisha kwa mashindano yetu ya kadi leo ni 15. Hiyo ni namba witiri, kwa hivyo kila raundi mmoja atakaa bila mpinzani na kupewa bure pointi 3 za ushindi. Naandika majina kwa kalamu kwenye daftari kubwa. Masika imeanza, stima hupotea bila taarifa, na mashindano hayawezi kusimama eti kwa sababu simu ya refa, yaani mimi, imezima.

Mchezo wetu ni Yu-Gi-Oh, wa kadi za Konami zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1999. Hatuna kibali cha kampuni. Pointi zetu haziendi popote nje ya daftari hili, na ndivyo tulivyotaka wenyewe. Sababu nitaieleza nikifika dukani, maana huko ndiko inakoonekana.

Saa tatu

Duka liko Makadara, Mombasa. Mbele panauzwa vitabu vya shule, kalamu na midoli, na kuna mashine ya fotokopi isiyopumzika. Nyuma kuna chumba ambacho mwenye duka hutuachia Jumamosi.

"Asalaam aleikum, Mzee."

"Waleikum salaam. Feni ya pili imekufa."

Basi meza zote zasogezwa upande wa feni moja, nayo naielekeza ukutani ili upepo uzunguke chumba. Ikielekea meza, kadi zaruka na mtu hajui tena kadi ipi ilikuwa mkononi na ipi kaburini, yaani kwenye rundo la zilizokwisha tumika. Napanga meza nane, viti vya plastiki, na ndoo ya maji mlangoni ya kunawia. Aliyekula viazi karai vya ukwaju hagusi kadi ya mwenzake kabla hajanawa.

Saa tatu na nusu

Kijana wa Likoni amefika mapema, amevuka na feri kabla foleni haijajaa. Ana kadi za kawaida alizorithi kwa binamu yake na orodha ya deki anayoitaka, yaani fungu la kadi za kuchezea, ameiandika kwenye karatasi ya daftari. Deki kuu ni kadi 40 hadi 60, na deki ya ziada isizidi 15. Yeye ameorodhesha 55 kwa jumla. Kadi ya Yu-Gi-Oh ina upana wa milimita 59 na urefu wa 86, kwa hivyo ukurasa mmoja wa A4 waingia kadi tisa. Kurasa saba, shilingi 10 kila moja: shilingi 70. Anakaa chini na makasi, anakata, anatia kila karatasi kwenye kifuko cha plastiki cha kadi, mbele ya kadi halisi ya kawaida ili zote ziwe na unene mmoja.

Hii ndiyo sababu yetu. Katika mashindano rasmi nakala kama hizi haziruhusiwi, kila kadi lazima iwe halisi. Sina ugomvi na sheria hiyo, kampuni yauza kadi. Lakini hapa Mombasa kadi nzuri huja na jamaa aliyekuwa Dubai au Uingereza, na bei yake yategemea nani anauza na nani anahitaji sana. Kijana huyu anajua mchezo. Amejifunza kwa kutazama wengine na kusoma maandishi ya kadi kwenye simu, neno kwa neno. Kumzuia asicheze mpaka apate maelfu ya shilingi ni kuwapanga washindi mapema kwa uzito wa mfuko.

Masharti ya nakala ni mawili tu: maandishi yote yasomeke, na isiuzwe wala kubadilishwa na mtu.

Feki ni jambo jingine kabisa, na hapo sina huruma. Feki zauzwa kwenye maduka ya midoli kana kwamba ni halisi, na mtoto hununua kwa pesa zake za Idi. Nawafundisha waangalie pembe ya chini upande wa kulia: kadi halisi ina kimraba kidogo kinachong'aa, cha dhahabu au cha fedha. Halafu wasome maandishi. Feki nyingi zimekosewa maneno, na kadi iliyokosewa maneno haifai kuchezewa, kwa sababu katika mchezo huu sentensi ya kadi ndiyo sheria.

Saa nne

Ukaguzi wa deki. Hapa ndipo unyevu wa Mombasa unapojitokeza.

Mchezaji mmoja wa Nyali ana deki ambayo kila mtu humu chumbani anaitamani, kadi za kung'aa tupu. Naiweka deki yake mezani kifudifudi na kuinama mpaka jicho langu liwe sawa na meza. Ubavuni mwa deki naona mianya mitatu, myembamba kama uzi. Naigawa deki kwa mkono mara moja, mkono wasimama penye mwanya. Naigawa tena, wasimama pale pale. Kadi ya kung'aa ina utando wa plastiki upande wa mbele na karatasi nyuma. Karatasi hunywa unyevu ikatanuka, utando haunywi, basi kadi yapinda na kingo zake zanyanyuka. Anayechanga deki hiyo anaweza kujua kadi yake bora iko wapi hata kama hakukusudia.

"Kaka, hizi tatu hazichezeki leo."

"Lakini ni original!"

"Najua. Nenda pale mbele ukapige fotokopi."

Alikunja uso kidogo, kisha akaenda. Akarudi na karatasi yake ya shilingi 10 akamwomba kijana wa Likoni makasi. Wakakaa pamoja, wakikata. Kadi zake zilizopinda nilizitia kwenye kisanduku changu pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Naviokota kila ninapoviona, na nawaomba wote wafanye hivyo.

Saa nne na nusu

Raundi ya kwanza. Majina yachanganywa, jozi zabandikwa ukutani, dakika 40 zaanza kuhesabiwa. Tunatumia mfumo wa Uswisi, ule uliochezewa sataranji Zurich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Ukishinda wakutana na aliyeshinda, ukishindwa wakutana na aliyeshindwa, na kwa watu wasiozidi 16 raundi nne zatosha kubaki mmoja asiyefungwa. Naupenda sana mfumo huu. Mtu aliyepanda matatu mbili kutoka Mikindani hawezi kurudishwa nyumbani baada ya nusu saa.

Katikati ya raundi mkono wainuka meza ya tano.

"Ami, hii yaruhusiwa?"

Mmoja ametumia kadi ya Monster Reborn amfufue joka lake kutoka kaburini. Mwenzake ametoa kadi ya Ash Blossom mkononi, amzuie. Wote wawili wana uhakika. Siwaambii jibu, nawaambia wasome kwa sauti. Ash Blossom huzuia kinachoongeza kadi kutoka deki kwenda mkononi, kinachoita jini (kadi ya kiumbe wa kupigana) kutoka deki, au kinachotupa kadi ya deki kaburini. Yote matatu yahusu deki. Monster Reborn yachukua kaburini. Mdogo akasoma mara ya pili, kidole juu ya mstari, akarudisha Ash Blossom mkononi mwenyewe. Mtoto aliyejisomea sheria namna hiyo haji kuniuliza tena, na safari ijayo ndiye atakayemweleza mwenzake.

Saa sita kasoro robo

Raundi ya pili ikiendelea, mama mmoja amesimama mlangoni. Mwanawe yuko meza ya pili.

"Mwanangu, hii si kamari hii?"

Swali hili nalichukulia kwa uzito, sicheki wala siharakishi. Nilikwenda kwa ustadh wa mtaani kabla hatujaanza, akaniambia pesa za washiriki zisiingie kwenye zawadi. Basi namwonyesha mama daftari: shilingi 100 za kila mmoja zaenda kwa chumba, maji na chai, na hesabu imeandikwa. Zawadi hununua Mzee kwa pesa zake, na mtoto akishindwa hapotezi kadi hata moja. Akauliza pia juu ya picha za mashetani. Nikamfungulia kabrasha, akapekua, akazitenga mbili alizosema hazitaki nyumbani kwake. Ni haki yake. Mwanawe atatafuta kadi nyingine, zipo maelfu.

Saa sita na nusu

Adhana, na chumba chabaki wazi. Ratiba yote imejengwa juu ya sala: raundi mbili kabla ya adhuhuri, mbili zimalizike kabla ya alasiri. Wasiosali wanakaa kula, bhajia na achari.

Huu pia ndio wakati wa kubadilishana kadi, na hapa natembea meza hadi meza. Mkubwa hamchukulii mdogo kadi mpaka mimi au Mzee tumeangalia bei yake. Nimeona kadi ya thamani ikibadilishwa kwa kadi yenye picha tu ya joka la buluu. Siku hizi haiwezekani, labda nisiwepo.

Saa nane

Raundi ya tatu yapita bila swali hata moja.

Ya nne ina moto zaidi. Meza ya kwanza ni kijana wa Likoni na binti wa Tudor, mwanafunzi wa sekondari, wote hawajafungwa. Kila mmoja ameshinda mchezo mmoja, umebaki wa tatu wa kuamua. Binti ana pointi za uhai 1,200 kati ya 8,000 alizoanza nazo, na mkononi kadi moja. Wengine wamesimama nyuma, na ninawataka wanyamaze, maana kuguna tu kwaweza kumwonyesha mchezaji njia. Alifikiri kwa muda. Akaweka ile kadi, akaeleza kila hatua pole pole, akashinda kwa zamu ile ile.

Saa kumi kasoro robo

Binti ana pointi 12. Wanne wamefungana kwa 9, na wanasubiri nihesabu asilimia ya ushindi wa wapinzani wao. Nahesabu mbele yao, kwa kikokotoo, kila mmoja aone. Kijana wa Likoni apata 56, anayemfuata 50. Wa pili ni yeye, kwa deki ya shilingi 70. Mzee anatoa pakiti za kadi, bingwa achague kwanza.

Yule wa Nyali akaniuliza kwa nini tusiombe kuwa rasmi, tupate pointi za kweli na njia ya kwenda mashindano makubwa. Nikamwambia siku rasmi ikija nitaipokea kwa mikono miwili, iwe Jumapili. Jumamosi ibaki na fotokopi.

Saa kumi na moja

Viti vimerudi, Mzee amepewa pesa za chumba, zilizobaki zitanunua vifuko. Ujumbe wa mwisho kwenye kundi: "Tunarudi baada ya wiki mbili, saa nne kamili. Nakala ruhusa, feki hapana. Kadi za kung'aa zije mapema zikaguliwe. Na mwenye feni ya ziada aseme."