Kamera ya kidevuni: kumbukumbu ya mradi wangu wa kurekodi safari za pikipiki

Wiki ya 1

Mjomba wangu ndiye aliyenikalisha juu ya pikipiki kwa mara ya kwanza. Alikaa nyuma, viganja vyake juu ya vyangu, akanionyesha namna ya kuachia klachi polepole mpaka injini ishike. Sasa magoti yake yamemkatalia, hapandi tena. Kila nikirudi kutoka safari hunikalisha chini na kuniuliza barabara ilikuwaje, kona zilikuwaje, pikipiki ilivutaje mlimani. Maneno yananiishia kabla ya kiu yake haijaisha. Nimeamua nimletee safari yenyewe aione kwa macho.

Nilikuwa tayari na kishikizo cha simu kwenye usukani, nikadhani kazi imekwisha. Kisha nikakumbuka onyo ambalo Apple walilitoa mwaka 2021: mitetemo ya injini kubwa za pikipiki, ikipita kwenye fremu na usukani, inaweza kuharibu kamera za iPhone, hasa zile ambazo lenzi yake husogea yenyewe ndani ili kutuliza picha. Pikipiki yangu si kubwa, lakini ina silinda moja na inatetemeka kweli. Simu nimeirudisha mfukoni.

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyonifanya niache kamera ndogo za kawaida, zile za lenzi inayochomoza ukiiwasha. Ndani yake mna vipande vingi vinavyosogea, na kila kinachosogea mtetemo utakitafuta. Kamera za michezo, zile ndogo ngumu za kufunga mwilini au kwenye chombo, hazina shida hiyo: lenzi imekaa palepale, na umakini wa picha umewekwa kiwandani kuanzia karibu mpaka mbali. Zaidi ya hapo hazihitaji ganda la kuzuia maji. Kampuni ya GoPro waliachana na ganda hilo kwenye HERO5 Black ya mwaka 2016, ambayo huzama mita 10 ikiwa tupu, na mvua ya njiani haifiki hata robo ya mtihani huo.

Niliangalia pia kamera za nyuzi 360, zenye lenzi mbili zilizopeana kisogo. Zinavutia, kwa sababu unaamua ulikuwa unatazama wapi baada ya kufika nyumbani. Ila lenzi zake zimevimba nje kama macho ya chura, na mimi hupita njia za kokoto nikifuata malori. Nimeziacha. Ziko nyingine za ukubwa wa kidole gumba, kama Insta360 GO 3 yenye gramu 35, na ukiifunga kwenye kofia shingo haichoki nayo. Mimi nilitaka betri ninayoweza kuichomoa na kuweka nyingine kando ya njia.

Niliyoichukua ni kamera ya michezo ya mtumba, ya miaka michache nyuma, uzito wake gramu 150 hivi. Kilichonishawishi ni kioo cha mbele ya lenzi ambacho hufunguka na kubadilishwa kikichubuka, na kitufe cha kurekodi kinachobonyezeka nikiwa na glavu. Hilo la kitufe nawasihi mlijaribu kabla ya kutoa hela. Vaeni glavu zenu nene na mbonyeze bila kutazama.

Wiki ya 2

Nimeanza na usukani, kama wengi. Kibanio cha bomba, juu yake mikono mitatu midogo iliyounganishwa, juu kabisa kamera. Nilikwenda kilomita 20 na kurudi nikiwa na hamu kubwa.

Mjomba alitazama dakika mbili, akasema, “Mjomba, barabara yako inacheza kama kivuli majini.”

Alikuwa sahihi. Mistari ya lami ilikuwa inajikunja, nguzo za umeme zinayumba kama nyoka. Kamera hizi hazisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Husoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Sasa fikiria injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde, na ukirekodi fremu 30 (picha moja moja za video) kwa sekunde, injini inazunguka zaidi ya mara tatu ndani ya muda wa fremu moja tu. Mstari wa juu unasomwa kamera ikiwa huku, wa chini ikiwa kule. Programu ya kutuliza picha ndani ya kamera haifui dafu hapo, maana yenyewe husogeza fremu nzima na haiwezi kunyoosha fremu ambayo tayari imepindika ndani.

Nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungushia bomba chini ya kibanio, kisha nikaondoa mikono miwili kati ya ile mitatu. Hatua ya pili ilisaidia kuliko ya kwanza. Mkono mrefu hufanya kazi ya fimbo ya kuvulia: chini panatikisika kidogo, kwenye ncha panaruka. Picha ilipata nafuu ya nusu. Ila kabla sijafika nyumbani skrubu ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, kamera ikainama taratibu, na robo saa ya mwisho nilirekodi tanki la mafuta.

Wiki ya 3

Wiki hii nimejaribu kila mahali. Kwenye bomba la kulinda injini, picha iko chini karibu na lami na mwendo unaonekana mkali mno. Kilomita 50 kwa saa huonekana kama 90. Inapendeza kwa sekunde kumi. Tope la tairi la mbele likamaliza hadithi.

Kifuani, kwa mikanda, nilipata jambo zuri ambalo sikulitegemea: mikono. Mjomba aliuona mkono wangu wa kushoto ukivuta klachi na akasogea karibu na skrini. Mtetemo pia ulitoweka karibu wote, kwa sababu mwili wa mtu ni nyama na maji, unameza kile ambacho chuma hupitisha. Lakini kwenye kona kifua hakigeuki. Mimi nilikuwa natazama mwisho wa kona, kamera inatazama ukingo wa barabara ulio mbele ya tairi.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotafuta. Kamera iliyofungwa kwenye pikipiki huonyesha pikipiki inakoelekea. Iliyofungwa kwenye kofia huonyesha dereva anakotazama, na kuendesha ni kutazama. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha: tazama unakotaka kwenda, mikono itafuata. Nikimletea picha isiyo na macho yangu ndani yake, nimemletea barabara tupu.

Juu ya kofia niliijaribu mara moja, sirudii. Upepo unaongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa msukumo wake ni mara nne, na kamera iliyosimama utosini inakuwa mkono wa kuvuta shingo kila ukigeuza kichwa. Ubavuni shingo ilichoka upande mmoja. Umebaki mdomo wa kofia, chini ya kioo, kidevuni, karibu kabisa na usawa wa macho.

Wiki ya 4

Kubandika kidevuni kumenichukua siku nne, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kungoja.

Mara ya kwanza sikungoja. Nilifuta kofia kwa kitambaa, nikabandika, saa moja baadaye nikaondoka. Nilipoegesha, ukingo mmoja wa bamba la kushikia kamera ulikuwa umenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha. Gundi hizi za povu, za aina ya VHB, zinahitaji muda. Katika joto la kawaida la chumba hufikia karibu nusu ya nguvu zake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu zote baada ya saa 72. Nilikuwa nimezipa dakika 60 na upepo.

Mara ya pili nilifanya kwa heshima. Kofia niliiosha kwa maji na sabuni, ikakauka, kisha nikafuta kwa pamba yenye spiriti ya isopropili mpaka pamba ikatoka nyeupe. Petroli au thina usiguse, vinaweza kudhoofisha ganda la kofia bila kuonyesha alama yoyote. Bamba bapa halikai kwenye mdomo uliopinda, hivyo nikatafuta bamba lililopinda la umbo la kidevu. Kabla ya kubandua karatasi niliweka vipande vya selotepu pembeni kama mipaka, nikakaa juu ya pikipiki nikiwa nimevaa kofia, na ndugu yangu akatazama kama liko katikati ya pua. Ndipo nikabandika, nikabana kwa vidole gumba viwili kuanzia kati kwenda pembeni, povu likisukuma hewa nje, nikahesabu hadi 60. Kofia ikakaa mezani siku tatu. Kila nilipopita niliitazama.

Sikutoboa kofia, na sitatoboa. Ganda ni kitu kimoja kinachosambaza pigo. Tundu moja linatosha kuanzisha ufa. Ukianguka, kamera inapaswa kung’oka na kwenda zake, isikupindue shingo. Kwa sababu hiyo hata kamba ya usalama niliyoifunga kutoka kwenye kamera hadi kwenye tundu la hewa ni uzi mwembamba wa kuvulia, wenye nguvu ya kubeba gramu 150 gundi ikikubali kushindwa, lakini unaokatika ukivutwa kwa nguvu.

Kupata mwelekeo kulihitaji ukuta. Niliegesha mita tatu kutoka ukutani, nikabandika selotepu usawa wa macho yangu, nikakaa kama ninavyokaa njiani, mgongo umeinama kidogo, nikasogeza kamera mpaka selotepu ikafika theluthi ya juu ya picha. Chini yake sasa zinaonekana saa ya mwendo na mikono yote miwili. Kisha nikachora mstari mmoja wa rangi ya kucha kupita kiungo na kichwa cha boliti. Mstari ukivunjika, najua boliti imesogea, sihitaji kukisia.

Wiki ya 5

Mambo ya ndani, kwa kifupi. Narekodi 4K (ubora wa juu wa picha) kwa fremu 30 kwa sekunde mchana. Kwa mkondo wa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45, kwa hiyo kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 128 inanipa chini kidogo ya saa tatu. Kadi iwe na alama ya V30, maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kuandika. Kadi yangu ya zamani haikuwa nayo na rekodi zilikuwa zinakatika zenyewe.

Programu ya kutuliza picha imewashwa, kiwango cha chini. Hiyo hukata kingo za picha, na kwenye kiwango cha juu ilinikatia mikono. Jioni naizima kabisa, kwa sababu gizani kamera huacha mlango wa mwanga wazi kwa muda mrefu zaidi kwa kila fremu, na kila mtikiso mdogo unageuka ukungu ambao hakuna programu ya kuusafisha. Nikisimama kwenye foleni naizima kamera yenyewe. Upepo ndio unaoipoza. Ikikosa upepo juani inachemka na kujifunga yenyewe.

Betri moja hunipa saa moja na dakika chache. Nilifikiria waya wa chaji kutoka kwenye pikipiki nikaacha: ukifungua mlango wa chaji maji yanaingia, na sitaki kitu chochote kinachofunga kichwa changu kwenye chombo. Betri mbili za akiba ziko mfuko wa ndani wa jaketi.

Wiki ya 7

Picha ilikuwa nzuri, mjomba akaridhika, akauliza, “Na injini?”

Maiki ya kamera, ikiwa kidevuni, haisikii kitu isipokuwa upepo. Nikaweka maiki ndogo ndani ya kofia, chini ya mto wa shavu: sauti yangu safi, injini mbali kama iko chumba kingine. Nikatafuta penye upepo uliokufa, nao umekufa nyuma yangu, chini ya mkia wa kiti. Nimefunga pale kinasa sauti kidogo ndani ya sponji, kwenye mfuko mdogo, upande usio na ekzosi.

Sasa nina picha upande mmoja na sauti upande mwingine. Nikianza safari napiga honi mara mbili, nikimaliza mara mbili tena. Nyumbani natafuta honi ya mwanzo kwenye sauti zote mbili na kuzilinganisha. Honi ya mwisho ni ya lazima kama ya kwanza: saa za vifaa viwili haziendi sawa kabisa, na katika safari ya saa nzima sauti yangu ilikuwa imeachana na picha kiasi cha kuudhi. Ukijua miisho yote miwili unaivuta sauti kidogo na inakaa.

Jana usiku nimempelekea ile safari ya mlimani, dakika 40 bila kukata. Nilikaa pembeni yake. Hakusema neno mpaka kwenye kona ya tatu ya kupanda, ile inayojifunga ghafla. Akainua kidole.

“Rudisha.”

Nikarudisha. Akafumba macho na kusikiliza.

“Hapo umechelewa kushusha gia. Sikia, injini inalia chini, inakuomba. Ulitakiwa uwe ya pili kabla hujaanza kulala.”

Nikasikiliza mwenyewe, mara tatu. Ni kweli, na kwenye picha mkono wangu wa kushoto unaonekana ukivuta klachi katikati ya kona, umechelewa. Jumamosi narudi kwenye kona ile ile, na betri tatu.